Mabaki ya Changamwe

Debe la mahindi linalopimwa sokoni hadi leo lilianza kazi kama debe la mafuta ya taa. Bati la galoni 4, lita 18 hivi, lilishuka bandarini limejaa. Mafuta yalipokwisha likachotewa maji, likapimiwa nafaka, likakunjuliwa kuezekea kibanda. Enzi hizo mafuta ghafi yalitakiwa kwa sababu moja kubwa: mwanga. Edwin Drake alipopata mafuta katika kisima chake huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, wenye mitambo walikeneka mafuta ya taa wakauza. Petroli, inayolipuka upesi mno kutiwa kwenye kandili, mara nyingi ilimwagwa.

Kiswahili husema "kusafisha mafuta", jina linalopotosha kidogo. Mafuta ghafi si petroli iliyoingia uchafu ikangoja kuchujwa. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, kila kimoja na joto lake la kuchemkia, na kazi kubwa ya kiwanda ni kuvitenga. Aliyewahi kuona gongo likipikwa anaujua msingi wake: moto chini, mvuke juu, baridi njiani, tone kwenye chupa. Al-Razi, tabibu wa Uajemi, alieleza jinsi ya kukeneka nafta zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Ila mpika gongo anataka kitu kimoja tu, na mnara wa mafuta hutoa vyote kwa mpigo. Mafuta hupashwa hadi kama nyuzi 350 za Selsiasi, kisha huingizwa chini ya mnara ambao hupoa kadiri unavyopanda. Ndani mna sahani za chuma zenye matundu, moja juu ya nyingine. Mvuke mzito huchoka mapema na kugeuka dizeli kwenye sahani za chini. Juu yake hujikusanya mafuta ya taa, ambayo ndugu yake ni mafuta ya ndege. Petroli hufika karibu na kilele, na gesi ya kupikia hutokea juu kabisa. Yaliyoshindwa kupanda hubaki chini: mafuta mazito ya meli na matanuri ya viwanda, na lami.

Mnara wa namna hiyo ulisimama Changamwe, Mombasa. Shell na BP waliunda kampuni ya East African Oil Refineries mwaka 1960, na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Serikali ilichukua nusu ya hisa mwaka 1971, mtambo wa pili ukaongezwa mwaka 1974, na mwaka 1983 jina likawa Kenya Petroleum Refineries. Mafuta ghafi yalitoka Ghuba, yakiwemo ya Murban kutoka Abu Dhabi. Njia ilikuwa ileile ya majahazi: Ghuba hadi Mombasa, kisha bara. Wapagazi tu ndio waliobadilishwa, kwanza kwa reli, halafu kwa bomba la Nairobi lililoanza kazi mwaka 1978.

Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda chake Kigamboni, TIPER, kilichojengwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Leo ni maghala ya mafuta.

Kasoro ya Changamwe ilikuwa ya kuzaliwa. Kiwanda kilijua kutenga, hakikujua kuvunja. Mwaka 1913 Mmarekani William Burton alianza, kiwandani, kutumia joto na shinikizo kuvunja mafuta mazito yawe petroli, na viwanda vikubwa vya baadaye vikajengwa juu ya ujuzi huo. Changamwe ilipokea tu kile ambacho pipa la lita 159 liliamua kuipa, na sehemu kubwa mno ilikuwa mabaki. Wakati huo magari yalizidi kuongezeka na nchi ilidai petroli na dizeli. Mafuta mazito yalikwenda kwa meli, viwanda na mitambo ya umeme ya Kipevu, na kwa kawaida mafuta hayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko ghafi yaliyoyazaa.

Kilichokishikilia kiwanda ni kanuni. Kampuni za mafuta zililazimika kupitisha Changamwe kiasi cha tani milioni 1.6 kwa mwaka, na zililalamika kwamba kununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo kungekuwa nafuu zaidi. Kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009, ikaahidi ukarabati mkubwa, kisha ikaghairi. Septemba 2013 moto ulizimwa.

Muda haukuwa na huruma. Mwaka uliotangulia, 2012, kisima cha Ngamia 1 huko Turkana kilikuwa kimetoa mafuta ya Kenya yenyewe. Kuanzia 2018 malori yalianza kuyateremsha kutoka Lokichar, Turkana, hadi Mombasa, safari ya kilomita 1,000 hivi, yakiwa ndani ya matangi yanayotunza joto kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa. Yalihifadhiwa Changamwe, ndani ya ua wa kiwanda. Agosti 2019 mapipa 200,000 hivi yakapakiwa melini na kwenda kusafishwa kwa watu wengine. Mnara, ndani ya ua uleule, ulikuwa baridi.