Mwaka Tuliolala Uani

Mwaka 1995 Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Februari, na mwezi huo Pemba ikaacha kulala. Habari zilipita kijiji hadi kijiji kwamba shetani aitwaye Popobawa amerudi. Milango ikifungwa anaingia, anamlalia mtu kifuani, anambana pumzi, anamtia ganzi mwili mzima, kisha anamdhalilisha, awe mwanamme au mwanamke. Habari zikapanda meli na abiria, zikashuka Unguja, na baadaye zikavuka hadi Dar es Salaam. Pamoja nazo likaja sharti ambalo kila mtu mzima wa siku zile analikumbuka: aliyetembelewa lazima aseme. Akinyamaza kwa kuona haya, atarudiwa.

Mimi nasomesha historia. Kila nikifika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wa mwaka ule ule, wanafunzi wananiuliza habari za Popobawa kuliko habari za kura. Siwalaumu. Vitabu ninavyosomeshea vina uchaguzi, havina usiku. Kumbe watu wa visiwa hivi wana historia ndefu ya kushikwa na hofu usingizini, na historia ndefu zaidi ya kujua la kufanya mtu akizinduka anatweta.

Kabla ya mwaka ule, aliyekabwa usiku alisema tu kwamba jana nilikabwa na jinamizi, akaendelea kunywa chai yake. Halikuwa jambo la kuita majirani. Mama angemuuliza kama alilala chali, kama alikula akashiba sana, kama alilala bila kusoma. Dawa zilikuwa zinajulikana nyumba kwa nyumba: kulala ubavu wa kulia, kusoma Ayatul Kursiy, kusoma sura tatu za mwisho za Msahafu na kupulizia viganja kisha kujipaka mwilini. Likizidi, mtu alikwenda kwa mwalimu wa chuo akaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, akayanywa. Mtoto alivishwa hirizi. Chumba kilifukizwa ubani.

Wapo wanaodhani kutafuta sababu ya jinamizi mwilini ni mambo ya kizungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandikia sehemu yake kabisa katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun. Yeye alilitibu kama ugonjwa, na akaonya kwamba likimrudia mtu mara kwa mara huenda likawa dalili ya kifafa, kiharusi au wazimu unaokuja. Elimu ya tabibu huyo ndiyo ile ile ya mizaji ya joto na baridi ambayo bibi zetu waliitumia wakichagua chakula cha mzazi au cha mwenye homa. Kwa hiyo dua na dawa zilikuwa nyumba moja tangu zamani, na hakuna aliyeona ajabu.

Popobawa alibadilisha kitu kimoja kikubwa. Jinamizi lilikuwa la mtu, yeye akawa wa mtaa. Wazee wa Pemba husema hakuwa mgeni, kwamba alipita baada ya Mapinduzi ya 1964 na akapita tena miaka ya sabini. Lakini mwaka 1995 alikuta redio, boti za kila siku na kampeni.

Kwetu Ng'ambo, Unguja, wanaume walihamia barazani na sisi wanawake tukahamia uani. Nilikuwa na miaka 17. Baada ya tarawehe majamvi yalitandikwa kati ya jiko na ukuta wa jirani, karabai ikatundikwa kwenye mpera, ikivuma usiku kucha na kuvuta wadudu. Watoto walilala katikati, wasichana wakawazunguka, wakongwe pembeni upande wa mlango wa nyuma. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Wete, alikuwa wa mwisho kulala. Alizunguka na chetezo chumba hadi chumba ingawa vyumba vilikuwa vitupu, kisha akakiweka karibu na miguu yake na kujifunika kanga.

Usiku mmoja shangazi yangu aliinuka ghafla. Macho wazi, mkono mmoja kifuani, mwingine unatafuta ukuta. Alijaribu kusema akashindwa, pumzi zinaingia fupi fupi na hazitoki. Wasichana tulikaa tayari kusikia. Bibi hakumuuliza ameona nini. Alimwambia, "Kaa kitako, mwanangu. Nani kalala kuliani kwako?" Shangazi akatazama, akamtaja. "Na kushotoni?" Akataja. "Na yule wa miguuni mtoto wa nani?" Walipofika kwa mtoto wa nne pumzi zilikuwa zimeshuka. Akapewa maji ya mtungini kwa kata, akanywa mafunda matatu, akasoma, akalala. Asubuhi yake wanawake wa nyumba ya pili walikuja kuuliza, na Bibi akawajibu kwamba wagonjwa wapo hospitali, hapa hakuna. Nilimwona mkali. Nyumba za jirani zilikuwa na wasimuliaji wa kila asubuhi, na kila asubuhi walioshikwa walikuwa wengi kuliko jana.

Hapo ndipo sharti la kusema lilipoonyesha sura zake mbili. Kwa aliyezinduka katika hofu, kusema ni nafuu. Aibu ya kudhalilishwa, hasa kwa mwanamme, ilipata pa kutokea pasipo mtu kuchekwa, maana kila mtu alikuwa hatarini. Lakini yale yaliyosemwa asubuhi ndiyo waliyolala nayo wengine usiku. Mtu aliyekwisha kuambiwa atabanwa kifua, akibanwa kidogo tu, tayari anamjua aliyembana.

Na hofu yenye jina hutafuta mwenye jina. Unguja, umma ulimwua mtu mgonjwa wa akili ukimdhania kuwa ndiye Popobawa. Huyu ndiye mtu ambaye bila shaka yoyote alidhurika na Popobawa mwaka ule, na waliomdhuru walikuwa binadamu, wengi wao wakiwa na usingizi wa siku nyingi machoni.

Siasa nayo ilichukua fungu lake. Uchaguzi wa Zanzibar ulifanyika tarehe 22 Oktoba, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Visiwa vilivyogawika hivyo haviwezi kuogopa kitu kimoja bila kushutumiana nani kakituma. Mwanaanthropolojia Mwingereza Martin Walsh, aliyeliandikia jambo hili kwa kirefu, alionyesha mwaka 2009 kwamba maelezo ya kisiasa yalibadilika kadiri siku zilivyokwenda. Nakubaliana naye. Hofu ilianza Februari, miezi minane kabla ya kura, na uvumi wa Popobawa uliozuka tena mwaka 2007 huko Dar es Salaam haukuwa na uchaguzi wowote wa kuegemea. Siasa iliikuta hofu imeshaamka, ikaipa anwani.

Mimi ninatazama zaidi Ramadhani yenyewe. Ni mwezi wa usingizi wa vipande: tarawehe, usingizi kidogo, daku, alfajiri, usingizi tena mchana. Usingizi uliokatwakatwa ni njia inayojulikana ya kumfanya mtu akabwe. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizi una vipindi ambamo macho hukimbia chini ya kope, na anayeamshwa wakati huo husimulia ndoto. Baadaye ikaonekana kwamba katika vipindi hivyo ubongo hulegeza karibu misuli yote, mtu asije akainuka kutenda anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishwa. Mtu anaona chumba chake, anamsikia mwenziwe akikoroma, lakini hawezi kuinua kidole, kifua kizito, na mabaki ya ndoto yamesimama mlangoni. Kulala chali huzidisha. Sasa wakesheze watu wa mtaa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya kumkwepa Popobawa, na umewaandalia usingizi ule ule anaoupenda.

Lakini shangazi hakukabwa hivyo. Yeye aliinuka, mikono ilikwenda, tatizo lilikuwa pumzi na moyo. Haya ni mambo mawili ambayo mwaka ule yalitiwa kapu moja. Lile la pili ni mshtuko wa hofu, unaomkuta mtu katika usingizi wa kawaida usio na ndoto, mara nyingi saa za mwanzo za usiku. Moyo unakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, na yakini kwamba ninakufa sasa hivi. Kilele chake hufika ndani ya dakika chache kisha hushuka chenyewe. Jacob Da Costa, daktari wa Philadelphia, alieleza mwaka 1871 habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambao mioyo yao ilikwenda mbio na vifua kuuma, na kwa wengi hakuona kasoro katika moyo wenyewe. Ilipita zaidi ya karne, hadi 1980, ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaiorodhesha mishtuko hii kama ugonjwa unaojitegemea. Kati ya wenye ugonjwa huo, karibu nusu au zaidi wamewahi kushtushwa nao usingizini.

Najua kwa sababu nami ni miongoni mwao. Ulinianza nilipohamia Dar es Salaam kusomesha, nikipanga chumba Temeke, mlango wa chuma, dirisha la nondo, kitanda kimoja. Nilizinduka usiku wa manane nimekaa, shingo inapiga, vidole vinachoma kama vimeguswa na upupu, nikitafuta mlango ambao nilikuwa nauona. Kulipopambazuka nikaenda hospitali. Walipima moyo, wakapima damu kwa ajili ya tezi la shingo, wakaniuliza kama nakoroma na kukatika pumzi, kwa kuwa yote hayo huweza kumwamsha mtu hivyo hivyo. Yalipotoka salama, daktari mmoja mtu mzima alikaa akanieleza jambo ambalo liliniponya zaidi ya vidonge: kwamba mwili umepiga king'ora bila moto, na king'ora hakiunguzi nyumba.

Kilichonisumbua kuliko mishtuko yenyewe ni kuiogopa. Nilianza kuchelewa kulala makusudi, nikawasha taa, nikaweka simu mkononi, na kila nilivyokesha ndivyo nilivyoshikwa. Niliyofundishwa ni machache. Mshtuko ukija, kaa, weka miguu kwenye sakafu ya saruji uisikie baridi yake. Usizivute pumzi, zitoe polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza. Usikimbie chumba wala usitazame saa. Ikiwa usingizi haurudi, ondoka kitandani ukafanye kazi ndogo ya mikono kwenye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito. Amka saa ile ile kila siku. Kahawa chungu niliiacha baada ya Alasiri, na hilo kwa mtu wa Unguja si jambo dogo. Nikaongeza langu: bado nasoma na kupulizia viganja, na daktari aliponiuliza nikamwambia, akasema usiache.

Nilikwisha kurudi nyumbani umeme ulipokatika Unguja nzima, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Giza lilikuwa giza kweli, na joto likatutoa tena nje na majamvi yetu. Mtaani kwetu hatukumsikia Popobawa. Giza lilikuwepo, kulala nje kulikuwepo, lakini hakukuwa na asubuhi za masimulizi. Watu walizungumza bei ya mafuta ya jenereta na samaki walioharibika.

Sasa nina zamu ya usiku katika dahalia ya wasichana, na historia hii imekuwa kazi. Msichana akizinduka kwa kelele, ishirini wanaamka. Wa kwanza atauliza umeona nini, wa pili atajibu kwa niaba yake, na kabla ya alfajiri watatu wengine watakuwa chini. Kila mwalimu wa bweni anafaa kukumbuka Kashasha, karibu na Bukoba, ambako kicheko kisichozuilika kilianza kwa wasichana wa skuli mwezi Januari 1962, kikawashika 95 kati ya 159. Skuli ikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na kicheko kikaenda nao vijijini.

Kwa hiyo mimi huwalaza wengine, nawasha taa moja, namkalisha mwenye hofu na kumwachia rafiki mmoja tu. Namuuliza majina ya waliolala karibu naye. Mambo aliyoyaona namsikiliza asubuhi, tukiwa wawili, na nayachukulia kwa uzito, kwa sababu mara nyingine kinachomshika mtoto usiku ni kitu alichofanyiwa mchana. Hofu ikijirudia, msichana hupelekwa kwa daktari.

Sharti la mwaka 1995 lilikuwa na haki nusu. Anayeshikwa usiku aseme, ndiyo. Kunyamaza kunamkausha mtu. Lakini halikutaja aambiwe nani. Katika dahalia yetu tumelimalizia kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani: mwalimu wa usiku, muuguzi asubuhi, mzazi mmoja kwa simu, na kisomo kwa familia inayokitaka. Mkutano wa asubuhi wa skuli nzima haumo katika orodha, na kila mwaka kuna mwalimu mpya anayetaka uwemo, nami kila mwaka namweleza habari za mtu aliyeuawa.