Kijivu cha joto

Kijivu cha joto ni rangi iliyo kati ya nyeusi na nyeupe, ambayo ndani yake mna kiasi kidogo cha nyekundu, njano au kahawia. Hutofautishwa na kijivu cha baridi, ambacho huelekea buluu, kama saruji au bati jipya. Kikikoza hufanana na udongo uliolowa au gome la mti mkavu. Hutumika kupaka kuta za ndani, hasa sebuleni na vyumba vya kulala.

Makala hii inaeleza rangi hiyo katika nyumba za nyanda za juu zenye ukungu na unyevu, kwa mfano wa Mponde na maeneo mengine ya Milima ya Usambara katika Mkoa wa Tanga, Tanzania. Katika mazingira hayo mambo mawili huamua kama rangi itafaa: mwanga unaoingia chumbani na unyevu uliomo ukutani.

Jina

Neno "kijivu" limetokana na "jivu". Majivu yenyewe hayana rangi moja. Majivu ya kuni yaliyoungua kabisa huwa meupe, na yaliyochanganyika na mkaa huwa meusi-meusi. Katika masomo ya sanaa, nyekundu, njano na rangi ya chungwa huitwa rangi za joto, na buluu huhesabiwa miongoni mwa rangi za baridi. "Joto" hapa ni jinsi jicho linavyoiona rangi, wala ukuta hauongezi joto la chumba.

Jinsi inavyotengenezwa

Rangi za viwandani za kijivu huanza na nyeupe, ambayo kwa kawaida ni dioksidi ya titani. Huongezwa nyeusi inayotokana na kaboni, yaani jamii ya masizi, kisha oksidi za chuma kidogo. Oksidi hizo ndizo zinazoupa udongo wa milimani wekundu na unjano wake. Bila oksidi hizo, mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe huelekea buluu, na ndiyo sababu kijivu cha kawaida huonekana baridi.

Nyumba ya udongo inaweza kupakwa rangi ya kijivu isiyotoka dukani. Udongo mweupe uliochekechwa huchanganywa na mkaa uliotwangwa laini, halafu udongo mwekundu kidogo huongezwa ili kuleta joto. Uji wa muhogo au wa unga wa ngano husaidia mchanganyiko ushike. Rangi hii haivumilii kuoshwa wala kupigwa na mvua, lakini hurudiwa kwa gharama ndogo.

Chokaa pia hupokea rangi ya unga, ila kwa kiasi. Rangi ya unga ikizidi takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, ukuta huanza kuchafua nguo. Aidha chokaa hupauka sana ikikauka. Kwa sababu hizo chokaa hutoa kijivu hafifu, na ni vigumu kupata kijivu kilichokoza.

Mwanga

Ukuta mweupe huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoufikia. Kijivu kilichokoza huakisi takriban asilimia 10 hadi 20 tu. Katika nyumba yenye madirisha madogo, ambayo hujengwa hivyo ili kuzuia baridi, tofauti hiyo ni kubwa. Chumba ambacho mwanafunzi aliweza kusomea hadi saa kumi na moja jioni kinaweza kuhitaji taa mapema zaidi kikipakwa kijivu pande zote nne.

Mwelekeo wa dirisha ni muhimu pia. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki hupita kusini. Hivyo wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, chumba chenye dirisha la kaskazini ndicho kinachopata jua, na kijivu huonekana na joto lake. Chumba cha kusini hupata mwanga wa anga peke yake, ambao una ubuluu, na ukungu ukishuka rangi ileile huonekana nzito na baridi.

Taa nazo hubadilisha rangi. Mwanga wa taa hupimwa kwa kelvini. Taa za karibu kelvini 2,700 ni za manjano na hukikuza kijivu cha joto. Taa nyeupe za kelvini 6,000 na zaidi, zikiwemo taa nyingi za sola, hukifanya kionekane cha buluu. Kwa hiyo rangi iliyochaguliwa dukani chini ya taa nyeupe inaweza kuwa tofauti nyumbani.

Njia ya kuaminika ni kupaka kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwenye ukuta wenyewe, mara mbili, kukiacha kikauke, na kukitazama asubuhi, adhuhuri na usiku.

Unyevu

Mponde ni eneo la kilimo cha chai, zao linalohitaji mvua nyingi. Masika huanza Machi hadi Mei na vuli huanza Oktoba hadi Desemba, na katikati yake ukungu hutokea mara kwa mara. Kuta hukauka polepole, hasa za upande wa kusini katika miezi ya baridi.

Ukuta wa udongo au wa tofali mbichi hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa rangi ya mafuta, au rangi ya maji yenye plastiki nyingi, mvuke hukosa njia ya kutokea. Rangi huvimba, hubanduka, na wakati mwingine huondoka pamoja na tabaka la udongo. Familia iliyotumia fedha za msimu mzima inaweza kulazimika kurudia kazi baada ya masika moja. Kwa kuta hizo, rangi ya udongo au chokaa hufaa zaidi. Chokaa mbichi ina ualkali mkali unaozuia kuvu, ingawa huchoma macho na ngozi, hivyo mpakaji anapaswa kuvaa glavu na miwani.

Ukuta wa lipu mpya ya saruji huachwa takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Ukipakwa mapema, chumvi nyeupe hujitokeza, nazo huonekana zaidi juu ya kijivu kilichokoza kuliko juu ya nyeupe. Ukuta wa jiko la kuni huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni, kwa kuwa rangi haishiki juu ya masizi na mafuta.

Kiasi na mpangilio

Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina kuta za mita za mraba 35. Ukitoa mlango na dirisha hubaki karibu 32, ambazo kwa mikono miwili huhitaji lita 6 hadi 7. Ukuta mmoja wa mita 4 huhitaji lita 2 tu.

Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya mwanga, njia nafuu ni kupaka kijivu ukuta mmoja. Ule unaotazamana na dirisha ungerudisha mwanga mwingi chumbani, hivyo huachwa mweupe, na kijivu huwekwa kwenye ukuta wenye dirisha au wa pembeni. Dari hupakwa nyeupe. Kijivu cha joto hupatana na mbao zisizopakwa rangi, mikeka ya ukili, vyungu vya udongo na nguo za njano au nyekundu.

Nje ya nyumba, rangi iliyokoza hufyonza joto la jua. Hilo ni kero katika miji ya pwani kama Tanga, lakini si tatizo kubwa milimani.

Afya

Baadhi ya rangi za mafuta zimewahi kutengenezwa kwa risasi, hasa katika njano na nyekundu, au katika vikausho vyake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni katika rangi kavu. Rangi ya zamani ya mafuta haifai kupigwa msasa ikiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, watoto huondolewa chumbani, na vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.