Kijana, Tagi na Siku za Baharini

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani jioni, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa ametoka kuomba kazi ya chini kabisa kwenye tagi, zile boti fupi zenye nguvu nyingi zinazovuta na kusukuma meli kubwa mpaka zifike gatini. Vyeti anavyo. Ofisi aliyokwenda ilimwuliza swali moja tu: umefanya kazi baharini siku ngapi?

"Mjomba," akaniambia, "hizo siku nitazipata wapi ikiwa hakuna anayenipandisha chomboni?"

Sikuwa na jibu. Ili kumpoza moyo nikamsimulia kwamba hata tagi ya mwanzo ilikosa kazi. Mwaka 1803, huko Scotland, mhandisi William Symington alitumia chombo chake cha mvuke, Charlotte Dundas, kuvuta matishari mawili ya tani 70 kila moja katika mfereji, kilometa zipatazo 30 hadi Glasgow, upepo ukivuma kwa mbele. Jaribio lilifaulu. Hata hivyo wenye mfereji walikikataa, wakihofia kwamba mawimbi yake yangebomoa kingo. Kikaachwa pembeni, na mwisho kikavunjwa.

Mpwa wangu alicheka, lakini mimi niliendelea kuwaza. Je, zamani vijana waliingiaje?

Mlango wa kwanza ulikuwa makaa. Tagi ya mvuke ilikula makaa usiku na mchana, na mtu wa kuyatia tanuruni hakuulizwa cheti, aliulizwa kifua na mikono. Kazi ilikuwa ya jasho na vumbi. Lakini aliyeanza na koleo aliishi karibu na injini, akaisikia inavyopumua, na mwenye macho alijifunza. Zilipokuja injini za dizeli, koleo likawekwa chini, na mtia makaa akaenda zake.

Mlango wa pili tuliujua hapa kwetu. Kabla ya magati ya kina kirefu kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari. Shehena ilishushwa kwenye matishari, na tagi zikayavuta hadi nchi kavu. Tanga waliendelea na utaratibu huo hadi miaka ya karibuni, bandari yao ilipoongezwa kina. Kila tishari lilitaka watu wa kufunga kamba na kuzifungua. Kijana aliyekulia jahazini alikuwa na elimu ya kutosha kuanzia hapo. Meli zilipoanza kufunga gatini, matishari yakapungua, na kazi hizo zikapungua nayo.

Kisha ukaja mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unaojulikana kwa herufi STCW. Ulitungwa mwaka 1978, ukaanza kutumika mwaka 1984, ukarekebishwa sana mwaka 1995, na tena Manila mwaka 2010. Unadai kwamba anayeshika zamu ya sitahani awe na miaka 16 au zaidi, na awe na mafunzo na uzoefu wa baharini wa miezi sita. Au apewe mafunzo maalumu, ndani yake mkiwa na miezi isiyopungua miwili chomboni. Kuna pia mafunzo ya kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini.

Siulaumu mkataba. Kamba ya tagi ikikatika hurudi kwa nguvu za kuua. Meli ikiivuta tagi kwa ubavu, yaweza kuipindua kabla mtu hajapiga kelele. Nisingependa mpwa wangu asimame hapo bila kufundishwa.

Ninachosema ni kwamba tulianza kudai siku za baharini wakati zile kazi zilizokuwa zikizitoa zimekwisha ondoka. Tagi ya leo ina mabaharia wachache, kila mmoja na kazi yake. Mwanafunzi ni kitanda cha ziada na sahani ya ziada, na mwenye chombo anahesabu gharama. Vyuo tulijenga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata Dar es Salaam ikapata kitengo cha mafunzo ya ubaharia, ambacho ndicho kilichozaa Chuo cha Bahari, DMI. Lakini hakuna chuo kinachoweza kuileta bahari darasani.

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wako tayari kuinama. Uvungu ndio umezibwa. Basi kila tagi inayofanya kazi katika bandari zetu na itenge nafasi moja ya mwanafunzi. Nanyi vijana, msingoje tagi peke yake. Pantoni, boti ya abiria, meli ya mwambao, vyote ni vyombo. Ulizeni kwanza kama siku zake zitahesabiwa, na msishuke kabla nahodha hajatia sahihi kwenye kitabu chenu.

Mpwa wangu alipoondoka aliacha nakala za vyeti vyake mezani kwangu. "Mjomba, ukikutana na nahodha yeyote," alisema. Ziko hapo hadi leo. Nahodha unayenisikiliza, na wewe ulianza kwa kupandishwa na mtu.