Mwandishi na Ulimwengu Aliouumba

Mwaka 1916 J. R. R. Tolkien, afisa kijana wa jeshi la Uingereza, alirudishwa kwao kutoka vita vya Somme akiugua homa ya mahandaki, na katika miezi ya kujiuguza akaanza kuandika hekaya za ulimwengu wa kubuni, wenye lugha zake, nasaba zake na tarikhi yake, kazi ambayo hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1973.

The Hobbit ilipochapishwa mwaka 1937 na kupendwa, mchapishaji wake, Stanley Unwin, aliomba kisa kingine. Tolkien akampelekea hati za The Silmarillion, kipenzi cha moyo wake, nazo zikarejeshwa. Naona ilikuwa kheri kubwa kwa fasihi, kwani hekaya zile zilisheheni wafalme na miji iliyoangamia, bali msomaji hakupata humo mtu wa kadiri yake wa kufuatana naye. Desemba ya mwaka ule ule alianza The Lord of the Rings, na humo ulimwengu ule ule ukaonekana kwa macho ya hobiti, watu wafupi wapenda chakula na utulivu, ambao takriban hawakupata kutoka kwao. Kila gofu walilolipita lilikuwa na tarikhi yake, lakini tarikhi hiyo haikumzuia msafiri njiani, na orodha za wafalme, kalenda na herufi za kubuni zikawekwa katika nyongeza za juzuu ya mwisho, iliyotoka mwaka 1955, apendaye azisome.

Kwa hiyo sikubali kuwa wingi wa ubunifu peke yake huiua riwaya, ijapokuwa Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alitosheka na nchi moja ya angani, wajumbe sita na baraza la hukumu, akapata kitabu kidogo chenye uzito mkubwa.

Madhara yapo, nayo yalimfika Tolkien mwenyewe. Kwa miaka 18 iliyomsalia alirudia The Silmarillion kuisahihisha, hata akashuku hekaya zake za asili ya jua na mwezi kwa kuwa hazikuafikiana na elimu ya falaki. Aliyekuwa msimulizi akageuka karani wa ulimwengu wake, na kitabu hakikukamilika. Mwanawe, Christopher, ndiye aliyekihariri na kukitoa mwaka 1977, kisha, baina ya 1983 na 1996, akachapisha juzuu 12 za rasimu za baba yake.