Kipimo cha Buni na Maji

Husemwa mara kwa mara, hata madarasani mwetu, kwamba wazee wetu walipika bila kupima, na kwamba kipimo kilitufikia pamoja na mizani ya mgeni. Kauli hiyo ina kosa, na kosa lenyewe huonekana upesi kwa yeyote atakayeketi karibu na jiko la mkaa akatazama dele likitayarishwa.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Tunayo buni, yaani tunda na punje zake. Tunayo kahawa, yaani kile kilichokaangwa, kikatwangwa, kikatiwa maji. Majina yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yalitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mti wenyewe ni wa misitu ya Uhabeshi, lakini desturi ya kunywa ilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, kwa watu wa tarika waliotaka kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku mjini Makka, marufuku ambayo haikudumu.

Walakini tusidhani kwamba buni yote ya nchi hii ilipitia pwani. Wahaya walikuwa na buni yao, ya aina ya robusta, kabla ya Mzungu yeyote kufika kwao. Hawakuinywa. Waliichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna, na mgeni aliyepokewa vema alipewa punje chache kiganjani. Kwa kawaida tunda lina punje mbili zilizolaliana. Katika udugu wa kuchanjiana, kila mmoja wa marafiki hao alikula punje moja iliyopakwa damu ya mwenziwe. Hapo kipimo ni punje mbili za tunda moja, wala hapana awezaye kuongeza ya tatu.

Huko pwani vipimo vilikuwa vingi na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Frasila, takriban kilo 16, ilikuwa ya mfanyabiashara na jahazi. Ratili na wakia zilikuwa za dukani. Kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne, vilikuwa vya nyumbani na sokoni. Mwanafunzi azingatie tofauti iliyomo humu: frasila hupima uzito, kibaba hupima ujazo. Tofauti hiyo ni kubwa katika habari ya kahawa kuliko katika habari ya mchele, kwa sababu buni ikikaangwa hupoteza kiasi cha sehemu moja kwa sita ya uzito wake, na wakati huohuo huvimba. Kibaba cha buni mbichi na kibaba cha buni iliyokaangwa havilingani hata kidogo. Basi mpishi mwerevu hakupima kabla ya kukaanga. Alingoja mpaka unga utoke kinuni, ndipo akashika kijiko.

Bibi aliyenilea hakujua kusoma saa. Alihesabu maji kwa kikombe kilekile kidogo kisicho na mkono ambacho wageni wangekinywea: wageni sita, vikombe sita, kisha akatia cha saba. Nilipomwuliza cha saba ni cha nani, alijibu kwamba ni cha moto na mashapo. Nilicheka. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenieleza jambo ambalo wataalamu wa kahawa huliandika kwa tarakimu. Wao husema gramu 55 hadi 60 za unga kwa lita moja ya maji, na kwamba unga huo huzuia maji yenye uzito upatao mara mbili ya uzito wake. Maana yake, katika kila lita, kiasi cha gramu 110 au 120 hazifiki mdomoni mwa mtu. Ongeza mvuke unaotoka deleni, na kikombe cha saba kimekwisha kupata wenyewe.

Kwa upande wa Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume. Buni ya arabika ilipandwa huko na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaishika kwa bidii ijapokuwa walowezi hawakupenda kuwaona wakishindana nao. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikachukua nafasi yake. Mizani ikawa kitu cha kupiganiwa, kwa kuwa ratili iliyopunjwa ni ada ya shule iliyopungua. Mkulima aliujua uzito wa gunia lake kuliko karani. Lakini ukiingia nyumbani kwake aghalabu ulikaribishwa chai, na wengi waliopalilia mibuni maisha yao yote hawakuwa na kipimo chochote cha kuipika, kwa kuwa sehemu kubwa ya zao hilo ilikwenda ng'ambo. Mimi naliona hili kuwa pengo kubwa zaidi katika historia yetu kuliko huko kudaiwa kutopima.

Kiwanda cha TANICA kilichojengwa Bukoba katika miaka ya 1960 kiliziba sehemu ya pengo hilo. Kahawa yake ya kopo huyeyuka yote. Haina mashapo, haihitaji dele, na kijiko kimoja kwa kikombe chatosha. Ni rahisi, wala siibezi. Ila kikombe cha saba hakina tena kazi.

Mwalimu mwenye mizani ya maabara aweza kulijaribu jambo hili na wanafunzi wake kwa saa moja. Wamwombe mwuza kahawa wa mtaani atie unga deleni kwa mkono wake kama kawaida yake, mara tatu mfululizo, na kila mara waupime kabla haujaingia majini. Kisha waandike tarakimu tatu hizo ubaoni, naye mwenyewe azisome.