Moshi Umekwenda Wapi?

Msomaji mpenzi, ukisimama jioni kando ya barabara kuu ya Thika, penye mji wa Ruiru, utaona magari yakifuatana kama siafu, na moshi wa petroli na dizeli utakuwasha puani. Lakini siku hizi, katika msafara huo, huweza kupita basi lisilo na mngurumo wala moshi. Hilo ni basi la umeme. Watu hulitazama na kusema, "Hili halichafui hewa." Je, neno hilo ni kweli? Historia ya Ruiru na Thika yatosha kutupa jibu.

Usidhani kwamba motokaa ya umeme ni kitu cha jana. Mwaka 1900, zaidi ya robo ya motokaa zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za umeme. Zilipendwa kwa utulivu wake, lakini betri zake zilikuwa nzito na hazikwenda mbali. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza motokaa ya petroli ya bei nafuu, na mwaka 1912 kikapatikana kifaa cha kuiwasha injini pasipo kuizungusha kwa mkono. Petroli ikashinda, na Afrika ya Mashariki ikaipokea pamoja na dunia nzima.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na Kenya haikuiacha petroli ya namna hiyo mpaka mwaka 2006. Gharama nyingine ingali inalipwa. Lita moja ya petroli, ambayo haifiki kilo moja kwa uzito, ikichomwa hutoa kadiri ya kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Hewa ukaa huzuia joto la dunia lisipotee angani, na kwa hiyo mvua na ukame huharibu majira yaliyozoewa na wakulima wetu.

Sasa tuutazame umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20, maporomoko ya Mto Ruiru yalizungusha mitambo iliyopeleka taa Nairobi. Katika miaka ya 1920 kituo kingine, kiitwacho Ndula, kilijengwa kwenye Mto Thika. Maji yalifanya kazi, kisha yakaendelea na safari yake, hapakuchomwa kitu. Lakini mji ulikua, viwanda vikaongezeka, na mito hiyo midogo haikutosha. Karibu miaka mia moja baadaye, mnamo 2013 na 2014, mtambo mkubwa wa megawati 87 ulianza kazi Thika, nao haukutumia maji bali mafuta mazito. Basi umeme wa mji ule ule ukatoka, mara hii, katika moshi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Tufanye hesabu. Motokaa ya petroli ikitumia lita 8 kwa kilomita 100, hutoa kilo 18 hivi za hewa ukaa. Motokaa ya umeme yaweza kwenda mwendo huo kwa uniti 20. Ikiwa uniti hizo zote zimetokana na mafuta mazito, mtambo utakuwa umetoa kadiri ya kilo 13. Moshi umepungua kidogo, lakini haukutoweka. Umehama tu kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la mtambo. Uniti hizo zikitoka katika maji, upepo au mvuke wa ardhini, hesabu huwa ndogo mno.

Bahati yetu ni kwamba karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya leo hutoka katika vitu hivyo. Huko Olkaria mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo tangu mwaka 1981. Twauita umeme "stima", neno lililotokana na mvuke, na sasa jina limerudi kwa asili yake! Lakini kumbuka: saa za jioni, kila nyumba inapowasha taa, mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Usiku wa manane mahitaji hupungua, na mvuke mwingine huachwa ukapotea bure. Basi linalotiwa umeme saa hizo ni safi kuliko linalotiwa jioni.

Tena hatuna budi kuitazama betri. Kuitengeneza huongeza tani kadhaa za hewa ukaa, na motokaa hulipa deni hilo baada ya kwenda makumi ya maelfu ya kilomita. Kobalti iliyomo katika betri nyingi huchimbwa Kolwezi, nchini Kongo, ambako hata watoto wameonekana wakichimba kwa mikono. Wao hawaioni barabara ya Thika, lakini jasho lao hupita juu yake.

Je, tuseme motokaa hizi hazina faida? La. Kwa Kenya faida yake ni kubwa, na mtoto angojaye basi Ruiru atavuta hewa safi zaidi. Kufikia mwaka 2024 mabasi ya umeme yalikuwa yakiunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa miaka ya 1970. Mji mmoja, basi, una kiwanda cha mabasi yasiyo na moshi, na mtambo wa umeme wenye moshi. Vyote viwili ni kazi ya mikono ya watu, na watu waweza kuchagua kipi kikue.

Kwa hiyo, msomaji, uambiwapo kwamba kitu fulani hakina moshi, usibishe upesi wala usikubali upesi. Uliza kwanza: moshi umekwenda wapi, na ni nani anayeuvuta?