Waliopita Ukerewe na Waliobaki



Mwaka huu kamati ilipokea barua. Kundi la vijana wa kanisa moja la mbali, wengi wao wanafunzi wa chuo, wanaomba kuja kwetu kwa wiki tatu. Watapaka rangi madarasa, watafundisha watoto nyimbo na Neno, watagawa madaftari, kisha watarudi makwao. Ni barua nzuri, imeandikwa kwa heshima, na wameambatanisha picha zao. Tulipoisoma kikaoni Mwanza tuligawanyika. Nusu yetu tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu nyingine ilitaja kisima, na habari ya kisima tutaifikia.

Sisi tulioshika daftari la hesabu za jumuiya ndio tuliopewa safari hii kuandika ukurasa wa historia, kwa hiyo mtatuvumilia tukiisoma historia kama watu wa hesabu wanavyosoma kitu chochote: nani alitoa, nani alipokea, na mwisho wa mwaka kilibaki nini. Vijana wa Kikristo kuja kwetu kwa muda mfupi si jambo jipya. Lilianza kabla babu wa babu zetu hawajasikia neno Tanganyika, na mara ya kwanza liliisha vibaya.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, ule ufuko wa upande wa Magu, si mbali na Kayenze ya leo, ambako mkuu wake aliitwa Kaduma. Kutoka hapo alizunguka ziwa kwa mashua, akafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akaandika barua kwa gazeti la Daily Telegraph la London. Barua ilichapwa Novemba mwaka huo. Alisema kabaka anataka walimu wa Kikristo, tena si wa kuhubiri tu: watu wa kujenga, kutibu na kufundisha kazi za mikono. Haikupita wiki nyingi, mtu mmoja asiyetaka kutajwa jina akaahidi paundi 5,000 kwa chama cha misheni cha CMS, na mwingine akafuata na paundi 5,000 nyingine. Sisi tunaohangaika kila mwaka na kadi za michango tunaitazama barua ile kwa wivu kidogo. Hakuna harambee yetu iliyowahi kujibiwa namna hiyo.

Lakini angalieni fedha zile zilichangwa kwa ajili ya nani. Zilichangwa kwa ajili ya Buganda. Sisi tulikuwa njiani tu. Mitumbwi iliyovusha msafara wa Stanley kuelekea Buganda ilikuwa ya Ukerewe, ya Omukama Lukonge (wengine huandika Rukonge), lakini hakuna aliyeandika London kuuliza watu wa Ukerewe wanahitaji nini.

Mwaka 1876 CMS ikatuma watu wanane. Kiongozi wao alikuwa Luteni Shergold Smith, aliyekuwa mwanamaji. Alikuwamo mchungaji mmoja, C. T. Wilson, daktari, John Smith, fundi majengo, O'Neill, na fundi mitambo wa Kiskoti, Alexander Mackay, mdogo kuliko wote, aliyezaliwa mwaka 1849. Mmoja alifia Zanzibar Agosti mwaka ule ule. Wengine wawili walirudi kwao. Mackay aliugua njiani, akarudishwa pwani, akapewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Waliosalia walifika Kageye mwanzoni mwa 1877, wakiwa wamebebewa na wapagazi mashua yao, Daisy, vipande vipande, kutoka pwani hadi ziwani. Mei, Daktari Smith akafariki dunia, na kaburi lake likachimbwa hapo Kageye. Wagonjwa aliotumwa kuwatibu hata hajawafikia.

Juni, Luteni Smith na Wilson wakaanza safari ya Buganda kwa Daisy. Walipopita Ukara, watu wa kisiwa wakawashambulia: Smith akapigwa jiwe la jicho, Wilson akachomwa mshale. Vitabu vya Wazungu vinaliita tukio hilo ukatili. Sisi wenye ndugu Ukara tunajua kisiwa kile kilivyo kidogo, na jinsi watu wake walivyozoea kulinda kila shubiri ya shamba na kila ndoo ya samadi. Chombo kisichojulikana, chenye watu wasiojulikana na bunduki ndani yake, kinasogea ufukweni bila kutuma mtu kwanza. Hatusemi walifanya vizuri. Tunasema hawakuwa wameulizwa.

Wakati huo huo O'Neill alikuwa amebaki Ukerewe akisimamia jahazi. Mfanyabiashara mmoja wa pwani aitwaye Songoro alikuwa akiliunda hapo kisiwani, na wamisionari walilinunua kwake ili wapate chombo kikubwa cha kuvusha mizigo. Ukiwa mhasibu, hapa ndipo kalamu inaposimama. Jahazi linajengwa katika nchi ya Lukonge, kwa ruhusa ya Lukonge, na linauzwa na mtu wa tatu kwa mtu wa nne. Katika biashara ya namna hiyo mwenye nchi lazima ajione ana haki yake, na kama hakuitwa mezani, ipo siku atajiita mwenyewe.

Desemba 1877 ugomvi wa Lukonge na Songoro ukalipuka. Songoro akakimbilia kwa Luteni Smith kuomba ulinzi. Lukonge akadai apewe mtu wake, Smith akakataa kumtoa. Tunaweza kumheshimu kwa hilo: mtu aliyekimbilia kwako humtoi, na wazee wetu wangesema hivyo hivyo. Watu wa Omukama wakavamia. Smith, O'Neill, Songoro na wengi waliokuwa pamoja nao wakauawa. Katika watu wanane waliotoka Uingereza, wanne sasa walikuwa wamekufa na wawili wamerudi. Ziwani alibaki Wilson peke yake, kwa Mutesa. Ilikuwa haijatimia miaka miwili.

Sisi tuliokulia Nansio, Bukindo, Murutunguru na Ilangala tumeisikia habari hii kwa njia mbili. Kanisani tuliisikia kama habari ya mashahidi wawili na mfalme mkali. Nyumbani, usiku, wazee waliisimulia kama habari ya Songoro, na Wazungu walikuwa wa pembeni tu, watu walioingia kwenye ugomvi usiowahusu kwa sababu hawakujua nani anamdai nani. Tulipokuwa watoto tulidhani lazima moja iwe ya uongo.

Anayetusaidia ni Mackay. Alifika Kageye Juni 1878, ana miaka 28. Alikuta mali ya msafara imerundikwa ovyo: vyuma vimepata kutu, shanga, vitabu na vipuri vya mtambo vimechanganyika, mchwa na panya wamekula walichotaka. Daisy mbao zake zimepasuka kwa jua. Akakunja mikono, akaanza kupanga na kutengeneza. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu pale Kageye alimsihi asifanye. Alivuka kwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha.

Tujaribu kuona jinsi hali ilivyokuwa. Kisiwani watu walikuwa wakingojea kisasi. Walijua Wazungu wana bunduki na walijua Stanley alivyowafanyia watu wa Bumbire miaka mitatu nyuma yake. Badala ya kisasi anashuka kijana mmoja mwenye macho ya buluu, anakaa siku kadhaa, anauliza nini kilitokea. Lukonge akamweleza kwamba aliyekusudia kumuua ni Songoro, si Wazungu; wao walikufa kwa kuwa walisimama kati. Mackay akasikiliza, akafanya amani, akarudi Kageye salama, na watu waliokwisha kumlilia wakashangaa kumwona. Hakumletea Lukonge mradi. Hakupaka rangi kitu. Kwa siku zile chache, tukipiga hesabu vizuri, ndiye mgeni aliyetufaa kuliko wote, kwa sababu aliondoa vita juu ya kisiwa chetu kwa kuuliza tu na kukubali kujibiwa. Na ndiye anayetuonyesha kwamba habari ya kanisani na habari ya wazee zilikuwa habari moja.

Agosti mwaka huo yeye na Wilson wakaondoka na Daisy, dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi ya ziwa, wakaikata mashua sehemu ya katikati ili kupata mbao za kuziba mbele na nyuma, wakaunganisha, wakaendelea na safari. Novemba wakafika Buganda. Huko alikaa hadi Mwanga alipomfukuza mwaka 1887, kisha akahamia Usambiro, upande wetu wa kusini mwa ziwa, akaendelea kuchapa maandiko ya Kiganda mpaka homa ilipomuua Februari 1890. Kwa miaka kumi na minne hakurudi kwao hata mara moja. Kazi zake Buganda ni nyingi, lakini sisi inatugusa moja: alichimba kisima akaweka pampu, na watu wakaja kutazama maji yakipanda juu. Tena alifundisha vijana wa pale pale kupanga herufi na kuendesha mashine ya kuchapa, hata alipoondolewa walikuwapo wanaojua.

Lukonge aliondolewa na Wajerumani mwaka 1895. Mapadri Weupe walikwisha kuwa Bukumbi tangu 1883, baadaye wakawa na misheni kisiwani pale Kagunguli. Habari zao ni ndefu na zina makosa yake, hatutaziingia. Ila kuna mtoto mmoja aliyepita mikononi mwao. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watawala, akasoma Kagunguli na seminari ya Rubya, akajua Kilatini na Kijerumani, akarudi nyumbani kuwa katekista. Akakaa. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya watu wetu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na padri mmoja wa Kanada, Simard, akamtia moyo na kumsaidia. Hakikupata mchapaji. Akiwa mzee alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Miaka 35 ya kungoja, na mtu bado yuko kijijini kwake, anajulikana kwa jirani zake, anaulizwa maneno ya zamani na kila anayepita.

Sasa kisima. Miaka kadhaa iliyopita kundi la vijana kama hawa walikuja katika mojawapo ya vijiji vyetu. Hatutaji kundi wala kijiji. Walikuwa vijana wazuri, wenye bidii, walikula ugali wa muhogo na dagaa bila kulalamika, na watoto hadi leo wanaimba nyimbo zao. Walileta pampu ya mkono, wakachimba pamoja na wanakijiji, maji yakatoka siku mbili kabla hawajaondoka, tukalia wote pale kisimani. Ilifanya kazi misimu miwili ya mvua. Kisha kile kipira cha ndani kikalika. Kipira chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Duka la Mwanza hawakuwa na cha aina ile. Tuliandika barua, tukajibiwa kwa upole kwamba kundi lile limekwisha kutawanyika, kila mtu yuko kazini kwake. Akina mama wakarudi ziwani na ndoo, na mwaka ule kipindupindu kilipoingia visiwani kijiji kile hakikusalimika. Tulizika. Ndiyo maana neno kisima likitajwa kikaoni watu hunyamaza.

Tukifungua daftari la mwaka ule, kosa haliko kwao peke yao. Sisi tulilipa mafuta ya boti, magodoro, na ng'ombe wa kuwaagia. Kila kitu kina risiti. Hakuna mstari hata mmoja wa kumfundisha mtu wa kijijini kuifungua ile pampu, wala wa kununua vipuri vya akiba. Hakuna aliyeuliza, na sisi tuliojua kusoma hesabu tulikuwa kwenye picha, mstari wa mbele.

Kwa hiyo kamati imewajibu vijana hawa kwamba waje. Tumeomba mambo mawili. Wiki ya kwanza wasishike brashi wala koleo, wakae na serikali ya kijiji, wazee na akina mama, wasikilize, na watuambie walichosikia kabla ya kuamua watafanya nini. Na fedha walizotenga kwa rangi, sehemu yake iungane na mchango wetu kuwasomesha ufundi wa pampu binti wawili na kijana mmoja wa vijiji vyetu, katika chuo cha ufundi Mwanza, kwa makubaliano ya maandishi kwamba watarudi kisiwani.

Jibu lao bado halijafika. Lifike au lisifike, ada za hao watatu zimo katika bajeti ya mwaka huu, mstari wa tatu kutoka chini, na kadi ya mchango imeambatanishwa na kijitabu hiki.